Jamaa wako Nakivale, kitanda kiko Mbarara: Jinsi ya kuchagua mtaa wa kulala

Familia nyingi zilizohamia Australia kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale hufika siku ya kurudi kuwaona wazazi, ndugu na majirani walioachwa kusini-magharibi mwa Uganda. Tiketi ya ndege ikishanunuliwa, swali linalofuata huonekana dogo: mgeni atalala wapi? Jibu lake hugusa fedha za safari, usalama wa watoto, afya ya msafiri, na heshima ya jamaa wanaomngojea.

Kwa ufupi

- Nakivale iko wilaya ya Isingiro, kati ya kilomita 50 na 60 kutoka jiji la Mbarara, kutegemea zoni anayoishi mwenyeji.
- Mbarara ndilo jiji la karibu lenye hoteli, benki, hospitali ya rufaa na kituo kikubwa cha mabasi.
- Mtaa unaofaa hutegemea shughuli ya safari: kwenda makazini kila siku, kumuuguza mgonjwa, kukutana na jamaa mjini, au kupumzika na watoto.
- Asiye mkazi wa Nakivale anatakiwa kujitambulisha kwa uongozi wa makazi kabla ya kuingia au kulala huko.

Makazi yenye umri kuliko wakazi wake wengi

Nakivale ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi makongwe kabisa barani Afrika. Ilianza mwaka 1958, wakati Watutsi waliokuwa wakikimbia machafuko ya Rwanda walipopewa ardhi karibu na ziwa Nakivale. Tangu hapo wamefika Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengine. Leo makazi hayo yana zaidi ya watu 150,000, nayo yamegawanywa katika zoni na vijiji vilivyotapakaa juu ya vilima na mabonde. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wengi wao sokoni, kanisani na kwenye foleni ya bomba la maji.

Ukubwa huo una maana kwa mgeni. Kumwambia dereva "Nipeleke Nakivale" hakutoshi. Base Camp, yenye ofisi za uongozi, maduka na mikahawa, iko mbali na baadhi ya vijiji vya zoni za Juru na Rubondo, na mwendo wa pikipiki kutoka zoni moja hadi nyingine waweza kuwa mrefu. Kwa hiyo, kabla ya kuangalia hoteli yoyote, msafiri hana budi kupata kwa mwenyeji wake mambo matatu: jina la zoni, jina la kijiji, na alama inayojulikana na kila mtu, kama vile shule, zahanati au kanisa.

Aliyeondoka Nakivale miaka kumi au kumi na mitano iliyopita naye ajihadhari na kumbukumbu yake. Vijiji vimeongezeka, masoko yamehama, na nyumba aliyoiacha huenda ina familia nyingine. Mbarara nayo si ule mji wa zamani. Ilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, pamoja na miji mingine ya Uganda kama Gulu, Jinja, Mbale na Arua, na mipaka yake imeyameza maeneo ambayo hapo awali yalihesabiwa kuwa mashamba.

Kulala makazini au mjini?

Hili ndilo swali la kwanza, na mara nyingi ndilo gumu zaidi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mama aliyemngoja mwanawe kwa miaka minane hatarajii kusikia kwamba mwana huyo atakula chakula cha mchana na kuondoka kabla ya jua kuchwa. Kwa wazee wengi, kulala hotelini huonekana kama kukikataa kitanda cha nyumbani.

Hata hivyo, kitanda cha nyumbani kina gharama ambayo mwenyeji huenda asiitaje. Nyumba nyingi za Nakivale ni za chumba kimoja au viwili. Familia ya watu watano inapowasili kutoka Melbourne, Perth au Brisbane, wenyeji hulala kwa majirani ili wageni wapate nafasi. Chakula nacho si cha kukisia. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, limepunguza msaada wake nchini Uganda mara kadhaa katika miaka ya karibuni kwa ukosefu wa fedha, na wapo wasiopokea tena chochote. Mgeni anayekaa wiki mbili bila kuchangia chakula hula akiba ya watu ambao hawatamwambia ukweli huo.

Jambo jingine ni utaratibu. Makazi ya wakimbizi nchini Uganda husimamiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu, inayofahamika kwa kifupi OPM. Mgeni asiye mkazi anatakiwa kujitambulisha katika ofisi ya mkuu wa makazi, akiwa na pasipoti na jina la mtu anayemtembelea. Kiongozi wa kijiji naye ajulishwe, hasa mgeni anapokusudia kulala. Mwenyeji akiuliza mapema, siku kadhaa kabla ya ugeni, mambo huenda vizuri. Akisubiri hadi gari lifike mlangoni, anayebaki na maswali ya kujibu baada ya mgeni kurudi Australia ni yeye.

Njia ambayo familia nyingi huiona ya busara ni ya kati na kati: usiku mmoja au miwili makazini, kwa ajili ya baraka za wazazi na mazungumzo yasiyoweza kufanyika mchana, na siku zinazobaki katika chumba cha kukodi mjini. Base Camp ina vyumba vichache vya wageni vya kawaida, lakini wengi hulala Mbarara. Mpango huo ukielezwa kwa simu kabla ya safari, pamoja na sababu zake, wazee huupokea. Ukielezwa baada ya mizigo kushushwa, huumiza.

Shughuli kwanza, mtaa baadaye

Kosa la kawaida la mgeni ni kuchagua hoteli kwa picha zake, kisha kugundua kwamba kila asubuhi anavuka jiji zima. Ni afadhali kuandika kwanza siku za safari na shughuli ya kila siku. Tuseme familia ina siku saba, na katika hizo inataka kufika Nakivale siku tano. Ikilala Mbarara itakwenda na kurudi mara tano, yaani safari kumi za barabarani. Gharama ya gari kwa safari hizo yaweza kuizidi gharama ya chumba. Lakini kama siku za Nakivale ni mbili tu, na zilizobaki ni za hospitali, benki na kukutana na jamaa wanaotoka Kampala, basi kulala mjini hakuna mjadala.

Kutoka Mbarara, barabara ya lami inayokwenda Kikagati, kwenye mpaka wa Tanzania, hupita Kaberebere na kufika Kabingo, makao makuu ya wilaya ya Isingiro. Mgeni wa Nakivale huiacha barabara hiyo na kuingia njia ya murram. Wakati wa kiangazi njia hiyo hufuka vumbi. Wakati wa mvua, hasa Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, matope huweza kuirefusha safari kwa muda ambao hakuna anayeweza kuutabiri. Ndiyo maana anayelala mjini anashauriwa kuondoka makazini mchana, jua likiwa bado juu.

Mitaa ya Mbarara na watu inaowafaa

*Katikati ya jiji.* High Street ndiyo uti wa mgongo wa Mbarara. Pembeni mwake kuna benki, maduka ya simu, maduka ya dawa, soko kuu na vituo vya magari. Loji za bei nafuu ziko nyingi hapa, nyingine zikiwa juu ya maduka. Faida yake ni kwamba anayefika kwa basi usiku hana mwendo mrefu, na jamaa anayetoka Nakivale kwa gari la abiria hushuka karibu. Hasara yake ni kelele: honi za mabasi ya alfajiri, muziki wa baa, na wapiga debe. Mwenye watoto wadogo aombe chumba cha nyuma kisichotazama barabara. Mwenye mzee aulize kama chumba kiko ghorofa ya chini, kwa sababu majengo mengi ya aina hii hayana lifti.

*Eneo la hospitali.* Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara iko mjini, bega kwa bega na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilichoanzishwa mwaka 1989. Wagonjwa wa Nakivale ambao vituo vya afya vya makazini na kituo cha Rwekubo huko Isingiro vimeshindwa kuwatibu huletwa hapa. Kwa hiyo, kwa familia nyingi, safari ya kutoka Australia ni safari ya kuuguza. Katika hospitali za umma za Uganda, ndugu ndiye anayempikia mgonjwa, kumfulia na kwenda kumnunulia dawa zilizokosekana. Chumba cha kutembea dakika kumi hadi wodini kina thamani kuliko chumba kizuri kilicho mbali, maana muuguzaji huitwa saa yoyote. Hapa mgeni atafute nyumba ya wageni inayoruhusu kupika au kuchemsha maji, na aulize kama geti hufungwa usiku na nani hulifungua.

*Kamukuzi na Boma.* Hivi ni vilima vya ofisi za serikali na nyumba za zamani zenye bustani. Kamukuzi ndiko lilikojengwa jumba la Omugabe, mfalme wa Ankole. Falme za Uganda zilifutwa mwaka 1967, na ziliporejeshwa mwaka 1993, ufalme wa Ankole haukurejeshwa. Mitaa hii ina hewa na utulivu, na hoteli zake huwa za bei ya juu kuliko za katikati. Inawafaa wenye watoto na wale wanaotaka bustani ambamo ndugu kumi wanaweza kukaa pamoja mchana mzima. Usiku barabara zake huwa na watu wachache, kwa hiyo ni vyema kupanda gari linalojulikana badala ya kutembea.

*Kakoba.* Huu ni upande wa makazi ya watu wengi: vibanda, shule, makanisa, vyumba vya kupanga, na Chuo Kikuu cha Bishop Stuart. Maisha hapa hufanana na yale ambayo wengi waliyazoea kabla ya kuhama. Anayekaa wiki tatu au mwezi aweza kupata nyumba ndogo ya kukodi kwa muda na kupika mwenyewe, jambo linalopunguza gharama na kuwapa jamaa nafasi ya kulala wanapokuja mjini. Masharti ni kumfahamu mwenye nyumba kupitia mtu anayeaminika, kuandikiana, kujitambulisha kwa mwenyekiti wa mtaa, na kutolipa fedha zote kwa simu kabla ya kuuona mlango.

*Ruharo na Nyamitanga.* Vilima hivi viwili vinajulikana kwa makanisa. Ruharo, kwenye barabara ya kuelekea Bushenyi, kuna kanisa kuu la Kianglikana na hospitali ya misheni inayosifika kwa matibabu ya macho. Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi, kuna kanisa kuu la Jimbo Kuu Katoliki la Mbarara. Nyumba za wageni zinazoendeshwa na makanisa, hapa na kwingineko Uganda, kwa kawaida ni safi, tulivu na hazina anasa. Nyingi haziuzi pombe, na huwa na saa maalumu ya kufunga geti. Anayempeleka mzazi kutibiwa macho, au anayesafiri peke yake na kutaka usiku wa kimya, atafurahi huko. Anayetarajia kurudi saa sita za usiku kutoka harusini aulize kwanza.

*Ruti.* Eneo hili liko kwenye barabara ya kwenda Kabale na mpaka wa Rwanda huko Katuna. Vyumba ni vya bei ya chini, lakini malori hupita usiku kucha. Laweza kumfaa anayeendelea na safari ya Kigali au Kabale alfajiri. Kwa familia yenye watoto si chaguo la kwanza.

*Biharwe.* Takriban kilomita 12 kabla ya kufika mjini kwa anayetoka Kampala, barabara hupita Biharwe. Huko kuna kituo cha utamaduni cha Igongo, chenye makumbusho ya historia ya Ankole pamoja na hoteli, na jirani yake kuna mnara wa kumbukumbu ya kupatwa kwa jua mwaka 1520. Kwa watoto waliozaliwa Australia, ambao Uganda ni nchi ya hadithi za wazazi, ni mahali pazuri pa kuanzia. Lakini ni mbali na hospitali, na anayekwenda Nakivale kutoka huko hana budi kupita mjini kwanza. Siku moja ya mapumziko inatosha.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Picha za mtandaoni hazisemi kila kitu. Jamaa anayeishi karibu akitumwa kuutazama mtaa na chumba, mchana na tena saa mbili usiku, huleta habari ya kuaminika kuliko nyota za hoteli. Maswali yafuatayo hupunguza mshangao:

- Maji yakikatika, kuna tangi? Umeme ukikatika, kuna jenereta, na huwashwa saa ngapi?
- Bei iliyotajwa ni ya chumba au ya mtu? Imejumuisha kodi na kifungua kinywa?
- Kila kitanda kina chandarua kisichotoboka?
- Wageni wa mgeni wanaruhusiwa kuingia chumbani, au hukaa ukumbini tu? Mtu wa ziada akilala, hulipiwa kiasi gani?
- Kuna mahali pa kuegesha gari pakiwa na mlinzi?
- Malipo hupokelewa kwa kadi, kwa fedha taslimu au kwa simu? Risiti hutolewa?

Ni busara kulipia usiku mmoja au miwili kwanza, kisha kuongeza baada ya kuridhika. Kwa gari la kukodi, mapatano yataje mambo yote mapema: mafuta ni ya nani, dereva atasubiri hadi saa ngapi, chakula chake kiko juu ya nani, na gari litafika kijijini au litaishia Base Camp. Boda boda ni ya haraka mchana, lakini si chombo cha safari ndefu ya usiku, wala cha kubeba watoto wawili na sanduku. Namba za dharura za polisi nchini Uganda ni 999 na 112.

Jamaa wanapokuja hotelini

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutembea nchini. Hata hivyo, anayeondoka makazini kwa siku kadhaa hushauriwa kuaga kwa uongozi na kubeba kitambulisho chake cha ukimbizi au barua ya familia. Hoteli humwandikisha kila anayelala, na mzee asiye na karatasi yoyote anaweza kuzuiwa mapokezini mbele ya wajukuu wake. Hiyo ni fedheha inayoweza kuepukwa kwa simu moja.

Kalenda ya makazi nayo iangaliwe. Siku za mgao, za kuhakiki majina au za miadi ya UNHCR hazihamishwi kwa sababu ya mgeni. Mama aliyekuja Mbarara kukaa na mwanawe siku nne, akakosa uhakiki, aweza kuhangaika miezi kadhaa kurudisha jina lake kwenye orodha. Kabla ya kumwalika mtu mjini, aulizwe: wiki hiyo kuna nini?

Mgeni kutoka ng'ambo huvuta macho. Habari za ujio wake huenea haraka, na watu wenye shida za kweli humfuata wakiomba msaada wa karo, dawa au kodi. Wapo pia matapeli wanaodai kwamba kwa fedha za "ndugu wa Australia" wataweza kuharakisha faili la kuhamishwa nchi ya tatu. UNHCR imesisitiza mara kwa mara kwamba huduma zake zote ni bure, na mtu yeyote anayedai malipo anavunja sheria. Hii ni sababu nyingine ya kuchagua mtaa wenye mapokezi na mlinzi, na ya kutotangaza jina la hoteli wala namba ya chumba kwa kila mtu. Msaada ni bora upangwe na wazee wa familia, utolewe kimya kimya, na usiwe wa noti zinazohesabiwa hadharani.

Kabla ya kuondoka Australia

Hakuna ndege ya moja kwa moja kati ya Australia na Entebbe. Wasafiri hubadilisha ndege katika miji kama Dubai, Doha au Addis Ababa. Kutoka Kampala hadi Mbarara ni takriban kilomita 270, kupitia Masaka na Lyantonde. Baada ya saa nyingi angani, kuanza safari hiyo usiku ni hatari isiyo na lazima. Anayetua jioni alale Entebbe, aondoke asubuhi, na afike Mbarara kukiwa bado mchana, wakati ambapo mtaa mpya huonekana jinsi ulivyo.

Raia wa Australia huomba viza ya Uganda mtandaoni kabla ya safari. Viza ya kawaida ya kuingia mara moja hutozwa dola 50 za Marekani. Asiyekuwa bado raia, anayesafiri kwa hati ya mkimbizi, awasiliane kwanza na ubalozi wa Uganda ulioko Canberra. Vilevile ahakikishe kuwa viza yake ya kudumu bado inamruhusu kurudi Australia, kwani ruhusa hiyo kwa kawaida hudumu miaka 5 tangu viza ilipotolewa.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huhitajika kuingia Uganda, na Australia nayo hukiuliza kwa aliyetoka Uganda ndani ya siku sita. Chanjo hiyo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Kuhusu malaria, wengi hujidanganya kwamba damu yao imeizoea. Kinga inayojengwa na maambukizi ya mara kwa mara hupungua mtu akikaa miaka mingi mbali na ugonjwa huo, na mtoto aliyezaliwa Adelaide au Sydney hana kabisa. Dawa za kinga ziombwe kwa daktari mapema, na chandarua kitumike hotelini na kwa bibi vilevile.

Wanaosafiri Desemba na Januari, wakati wa likizo ndefu ya shule za Australia, wakumbuke kwamba Waganda wengi nao hurudi kwao kwa Krismasi. Nauli za mabasi hupanda na vyumba vizuri hujaa. Atakayesubiri kuchagua mtaa akiwa kituo cha basi mkesha wa sikukuu atalala palipobaki.

Mtaa unaomkaribia mwenyeji

Hakuna mtaa mmoja wa Mbarara ulio bora kwa kila msafiri. Aliye na mgonjwa akae karibu na wodi. Aliye na watoto atafute bustani na utulivu wa Kamukuzi. Anayekaa muda mrefu apike Kakoba. Anayepita alfajiri asitiri usiku wake karibu na barabara. Kipimo kinachowafaa wote ni kimoja: je, wale waliosababisha safari hii wataweza kukifikia chumba hicho kwa nauli waliyo nayo, wakaingia mlangoni bila kudharauliwa, na wakaondoka wakiwa na muda wa kufika nyumbani kabla ya giza? Mtaa unaojibu ndiyo kwa maswali hayo matatu ndio wa kulipia.

Na simu ya kwanza isipigwe hotelini. Ipigwe Nakivale. Mwenyeji akishirikishwa katika uchaguzi huo, hata asipokuwa na kitanda cha kutoa, hubaki kuwa mwenyeji.